Mohamed Amin: Kutoka kisanduku cha Brownie hadi picha zilizotikisa dunia

Kwenye rafu ya sebule yangu huku Kimuka, Kaunti ya Kajiado, pana kamera kongwe ya filamu aina ya Bolex H16. Niliinunua miaka kadhaa iliyopita kutoka kwa jamaa za mpigapicha mmoja mstaafu waliokuwa wakihama, nao waliiona kama chuma kizito kisicho na kazi. Haina betri. Haina waya. Ubavuni ina mkono mdogo wa chuma ambao mtu huuzungusha ili kuikaza kamani iliyo ndani, kama vile wazee wetu walivyokuwa wakitia saa ufunguo kabla ya kulala.

Kamani hiyo ikishakazwa kikamilifu, kamera hutembea kwa takribani sekunde 28 tu kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Kisha husita, na mpigapicha hulazimika kuutia tena ufunguo hata kama mbele yake kuna watu wanauana. Filamu yenyewe, yenye upana wa milimita 16, huja katika gurudumu la futi 100, na futi hizo zote huisha kabla dakika tatu hazijatimia.

Nimeanza na chombo hiki kwa sababu nadhani hatuwezi kuyafahamu vyema maisha ya Mohamed Amin, Mkenya ambaye wenzake walimwita Mo, bila kujua alichokuwa amekishika mkononi. Vijana wa siku hizi wanaorekodi kwa simu kutwa nzima hupata taabu kuamini kwamba zipo habari kubwa za Afrika Mashariki ambazo zimetufikia kwa vipande vya sekunde 20 au 25, kila kimoja kikiwa kimepimwa na kuamuliwa kichwani kabla ya kidole kubonyeza.

Amin alizaliwa Agosti 29, 1943, katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Wazazi wake walikuwa Waislamu wenye asili ya Punjab, na baba yake aliajiriwa na shirika la reli. Kazi hiyo ya reli ndiyo iliyoihamisha familia hadi Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nako ndiko mtoto huyo alikokulia, akasoma, na kukipata Kiswahili cha pwani ambacho baadaye kilimfungulia milango mingi iliyowafungia wapigapicha kutoka Ulaya.

Akiwa bado mvulana wa shule alijipatia kamera aina ya Box Brownie, iliyokwisha kutumika. Brownie ilikuwa kisanduku tu. Kampuni ya Kodak ilianza kuiuza mwaka 1900 kwa dola moja ya Marekani, ikiwalenga hasa watoto na watu wasio na ujuzi. Lenzi ilikuwa moja, kasi ya kufungua mwanga ilikuwa moja, na asiyekuwa na jua la kutosha hakuwa na picha. Kwa watu wengi kamera hiyo iliishia kwenye picha za harusi na za Sikukuu. Kwa Amin ilikuwa mwanzo wa biashara. Alianza kupiga picha za matukio ya mjini na kuzipeleka magazetini, na hata mashindano ya magari ya Safari Rally aliyafuata akiwa hajamaliza shule.

Mwaka 1963, kabla hajatimiza miaka 20 au mara tu baada ya kuitimiza, alianzisha kampuni yake jijini Dar es Salaam, akaiita Camerapix. Jina hilo limedumu hadi leo. Ni jambo la kustaajabisha kwamba kijana wa umri huo, asiye na cheti cha uandishi wa habari wala tajiri wa kumshika mkono, aliweza kuona kwamba magazeti na televisheni za ng'ambo zingehitaji mtu wa kuaminika katika eneo hili hasa wakati huo, nchi moja baada ya nyingine zilipokuwa zikijipatia uhuru.

Hakungoja sana. Januari 12, 1964, Mapinduzi yalitokea Zanzibar. Serikali ya Sultani ilianguka kwa siku moja, watu wengi wakauawa, na mawasiliano na visiwa hivyo yakakatika. Amin, akiwa na miaka 20, alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa mwanzo kuvuka kutoka bara na kurejea na picha.

Hapa inafaa nirudi kidogo kwenye kamera. Wapigapicha wa habari wa enzi hiyo, Amin akiwa mmoja wao, walizipenda Bolex na kamera nyingine za kamani kwa sababu za kimaisha kabisa. Ziliweza kubebwa kwa mkono mmoja. Hazikuhitaji umeme, na Waswizi wa kampuni ya Paillard kule Sainte-Croix, walioanza kuitoa H16 mwaka 1935, waliziunda kwa ustadi uleule wa mafundi saa wa milimani kwao. Mbele palikuwa na bamba la mviringo lenye nafasi ya lenzi tatu: ya kuona kwa upana, ya kawaida na ya kuvuta mbali. Mpigapicha aliligeuza bamba hilo kwa vidole na kupata lenzi nyingine papo hapo, wala hakupoteza muda kufungua mkoba. Gurudumu la filamu lilibadilishwa kivulini, chini ya mti au ndani ya koti, kwa kuwa duru za mwanzo na za mwisho zilikuwepo ili ziungue na mwanga badala ya picha.

Lakini kamera hiyo haikuwa na sauti. Ilichukua picha tu, nayo yenyewe ilitoa mlio wa cherehani uliosikika hatua kadhaa. Mtu asingeweza kuificha kazi yake. Tena baada ya kupiga, filamu ilikuwa bado kipofu: ilibidi itiwe ndani ya mkebe, ipelekwe uwanja wa ndege, isafirishwe hadi London ikasafishwe, na mpigapicha angojee siku mbili au tatu kujua kama alichohatarisha maisha yake kwa ajili yake kilionekana ama kilitoka cheusi. Amin alisifika kwa hodari wa kusafirisha mikebe hiyo kama alivyosifika kwa kupiga picha. Sisi tulioshinda miaka mingi kwenye meza za uhariri tunajua kwamba picha nzuri iliyofika kesho haina thamani mbele ya picha ya wastani iliyofika leo.

Zanzibar ndiyo iliyomfunza pia bei ya kazi hiyo. Mwaka 1966, baada ya kunasa picha zilizoonyesha wakufunzi kutoka nchi za Ulaya Mashariki wakiwafunza wanajeshi visiwani, alikamatwa na kutiwa katika gereza la Kiinua Miguu. Alikaa humo kwa takribani mwezi mmoja na aliteswa. Alipoachiwa alifukuzwa, akarejea Nairobi mji aliozaliwa, akiwa amepoteza makao yake ya Dar es Salaam. Wengi wangegeukia picha za harusi. Yeye aliihamishia Camerapix Nairobi na kuendelea kuyauzia mashirika ya habari ya nje, hususan Visnews la London, picha za bara zima.

Jumamosi ya Julai 5, 1969, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, Tom Mboya, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa la Chaani, kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Amin alifika haraka. Picha zake za juhudi za kumwokoa Mboya, zikiwemo zile za ndani ya gari la wagonjwa, ni baadhi ya kumbukumbu chungu kabisa katika historia ya Kenya huru. Kwa kazi ya siku hiyo alitunukiwa nchini Uingereza tuzo ya mpigapicha bora wa habari za televisheni wa mwaka.

Nimezitazama picha hizo mara nyingi kwa sababu ya kazi yangu, na kila mara nimejiuliza swali lilelile. Je, ilikuwa haki kumpiga picha mtu anayekata roho? Amin alimfahamu Mboya. Hakuwa mgeni aliyetua kwa ndege. Jibu ninaloliona, na msomaji ana haki ya kulikataa, ni kwamba katika nchi ambayo uvumi ulikuwa tayari umeanza kukimbia kuliko magari ya polisi, ilifaa awepo shahidi asiyeweza kubadilisha maneno yake. Filamu ilikuwa shahidi huyo. Iwapo mkono ulimtetemeka, haikuonyesha.

Miaka ya sabini ilimpa Idi Amin, aliyetwaa madaraka Uganda Januari 25, 1971. Kufanana kwa majina kulizua mizaha isiyokwisha kati ya wanahabari. Mo aliingia Kampala na kutoka mara nyingi, akamwonyesha dikteta huyo akicheka, akiogelea, akicheza ngoma na akitoa amri. Zipo picha zilizomfanya jenerali aonekane kichekesho, na kwa maoni yangu dunia ilichelewa kumchukulia kwa uzito kwa sababu ya kichekesho hicho. Lakini lawama hiyo ni ya waliozichagua picha huko London na New York kuliko ya aliyezipiga.

Wakati huohuo alikuwa akijenga upande wa pili wa kazi yake, ule wa vitabu. Kitabu chake kuhusu Hija ya Makka kilitoka mwaka 1978, kikiwa na picha ambazo ni Mwislamu pekee angeweza kuzipata. Kilifuata Cradle of Mankind mwaka 1981, kuhusu eneo la Ziwa Turkana. Kisha, pamoja na mpigapicha Duncan Willetts na waandishi mbalimbali akiwemo rafiki yake Brian Tetley, alitoa mfululizo wa vitabu vya safari katika nchi za Afrika na Asia. Mwaka 1986 alitoa Railway Across the Equator, kuhusu reli ileile iliyomlisha baba yake.

Cha mwaka 1987 kinatugusa sisi wakazi wa Kajiado moja kwa moja. Kinaitwa The Last of the Maasai. Willetts alishirikiana naye katika picha na John Eames akaandika maneno. Ni kitabu kizito cha rangi, chenye nyika pana, ng'ombe, morani na sherehe za rika. Jina lake sijawahi kulipenda. Wamaasai hawakuwa wa mwisho mwaka 1987 na si wa mwisho leo. Majirani zangu wanaoniuzia maziwa kila asubuhi wangeshangaa kusikia hivyo. Kilichokuwa kinakaribia mwisho ni ile nyika isiyo na ua. Nikitoka nje hapa Kimuka, naona vigingi na seng'enge kila upande, viwanja vilivyokatwakatwa (kimoja kikiwa changu), mitambo ya upepo ikizunguka juu ya milima ya Ngong, na chini ya milima hiyo handaki la reli ya SGR ya kuelekea Naivasha iliyozinduliwa Oktoba 2019. Picha za kitabu hicho zimegeuka hati ya ardhi ya aina yake.

Lakini jina la Mohamed Amin lilifika kila nyumba yenye televisheni kwa sababu ya Ethiopia.

Mwaka 1984 ukame na vita vilikuwa vimewasukuma mamia ya maelfu ya watu wa Tigray na Wollo kwenye kambi za barabarani. Serikali ya kijeshi ya Mengistu Haile Mariam, iliyokuwa ikiadhimisha miaka kumi ya mapinduzi yake Septemba mwaka huo, haikutaka wageni kaskazini. Vibali vilikataliwa. Amin, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejenga urafiki na maofisa wa Addis Ababa, alisukuma, akabembeleza, akangoja, na hatimaye yeye na Michael Buerk wa BBC waliruhusiwa kufika Korem na Makelle mwezi Oktoba.

Walichokikuta ni alfajiri ya baridi kali ya nyanda za juu, moshi na ukungu, na umati wa watu waliolala chini ambao wengine hawakuamka. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Wasomaji wa umri wangu wanazikumbuka picha hizo. Ninalopenda kulisema ni jinsi zilivyopigwa. Amin hakukimbia huku na huko. Kamera ilitembea taratibu, ikasimama usoni mwa mtu mmoja, ikangoja. Ninaamini nidhamu ile ilikuwa imeanzia mbali, kwenye kamani ya sekunde 28, kwenye zile siku ambapo kila futi ya filamu ilikuwa na bei. Mtu aliyezoea kupimiwa pumzi haongei ovyo.

Taarifa hiyo ilirushwa na BBC Oktoba 23, 1984, na kituo cha NBC kikaionyesha Marekani. Inakadiriwa kwamba vituo 425 duniani viliitumia, na watu wapatao milioni 470 wakaiona. Bob Geldof aliitazama nyumbani kwake, na mwezi uliofuata wanamuziki wa Uingereza na Ireland walikusanyika kurekodi wimbo wa Band Aid. Wamarekani walifuata na wimbo wao Januari 1985, na Julai 13 mwaka huo tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia kwa siku moja.

Chakula kilifika na watu wengi waliokolewa. Hilo halina ubishi. Hata hivyo, wapo wasomi, wakiwemo Waethiopia wenyewe, ambao wamehoji kwa miaka mingi kile ambacho picha hizo hazikuonyesha: mabomu, mazao yaliyoharibiwa kwa makusudi, na serikali iliyoitumia njaa kama silaha dhidi ya waasi. Walioitazama taarifa hiyo waliona mvua iliyokosekana na uso wa mtoto, wala hawakuona jeshi. Na Afrika nzima ikabaki kwa miaka mingi na uso huo mmoja mbele ya macho ya Wazungu. Nadhani hoja hiyo ina uzito. Nadhani pia kwamba kama Amin angalikataa kwenda hadi aruhusiwe kupiga picha vita, tusingalikuwa na la kuhojiana, maana waliokuwa Korem wangalikufa bila kuonekana.

Juni 4, 1991, siku chache baada ya Mengistu kukimbia na waasi kuingia Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka jijini humo. Amin alikwenda kupiga picha za moto huo pamoja na wenzake. Mlipuko mwingine mkubwa ukatokea wakiwa karibu. Mrekodi sauti wake, Mkenya John Mathai, aliuawa. Amin alipoteza mkono wa kushoto.

Mathai hutajwa kwa sentensi moja katika makala nyingi kuhusu Mo, na hii nayo, nakiri, haimpi mengi zaidi. Mrekodi sauti hutembea nyuma ya kamera akiwa ameunganishwa nayo kwa waya. Huenda anakokwenda mpigapicha, lakini si yeye anayeamua waende wapi. Katika magazeti nasi hatuna la kujivunia: nafasi ikiwa finyu, jina la aliyepiga picha ndilo la kwanza kukatwa, na aliyembebea vifaa hakuwahi kuandikwa.

Amin alipelekwa nje kwa matibabu, akatengenezewa nchini Marekani mkono wa bandia ulioundwa kwa namna ya kuiwezesha kazi yake ya kamera. Baada ya miezi michache alikuwa kazini tena. Alikuwa na miaka 48 na hakuna ambaye angemlaumu kama angestaafu. Waliomfahamu wanakubaliana kwamba hakuwa mtu wa kukaa. Wanakubaliana pia kwamba mkewe Dolly na mwanawe Salim walizoea nyumba ambayo baba alipita tu. Salim ameyaeleza hayo bila kuficha katika filamu yake Mo & Me ya mwaka 2006. Ni mojawapo ya filamu chache za mtoto kuhusu baba maarufu ambazo hazimpambi wala hazimshitaki.

Novemba 23, 1996, Amin na Brian Tetley walipanda ndege ya Ethiopian Airlines, safari nambari 961, kutoka Addis Ababa kurejea Nairobi. Watu watatu waliiteka nyara wakitaka ipelekwe Australia. Rubani, Kapteni Leul Abate, alijaribu kuwaeleza kwamba mafuta hayangetosha, hawakusikia. Mafuta yaliisha juu ya Bahari ya Hindi, na ndege hiyo aina ya Boeing 767 ilitua majini karibu na ufuo wa hoteli ya Le Galawa katika kisiwa cha Ngazija, Komoro, ikapasuka. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Amin na Tetley walikuwa miongoni mwao. Walionusurika walieleza kwamba katika dakika za mwisho Mo alikuwa amesimama, akijaribu kuzungumza na watekaji. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Mtalii mmoja aliyekuwa ufukweni aliinua kamera yake ndogo ya video na kuinasa ndege hiyo ikigusa maji kwa bawa moja na kupinduka. Picha hizo zilionyeshwa duniani kote kabla siku mbili hazijapita. Hakuwa mwanahabari. Hakutia ufunguo wowote, hakupeleka mkebe London. Zama za kamera ya kamani zilikuwa tayari zimekwisha hata kabla ya safari hiyo.

Camerapix ingali Nairobi chini ya Salim, pamoja na hazina kubwa ya picha na filamu za baba yake. Mwaka 2021 zaidi ya picha 6,000 kati ya hizo ziliwekwa mtandaoni kupitia mradi wa Google Arts & Culture, hivyo mwanafunzi wa shule ya hapa Kimuka mwenye simu anaweza kuiona Dar es Salaam ya mwaka 1963 au Government Road ya 1969 bila kulipa senti. Filamu asilia ni suala jingine. Filamu za enzi hiyo zikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza zenyewe, hutoa harufu ya siki, hujikunja, na mwishowe haziwezi kupita katika mashine yoyote. Kuzigeuza kuwa za dijitali ni kazi ya gharama na ya polepole, inayofanywa mkebe mmoja baada ya mwingine.

Ndani ya Bolex yangu nilikuta filamu ambayo mwenyewe hakuimaliza. Kipimo cha ubavuni kinaonyesha futi 60.